Uchaguzi Ndani ya Usanifu: Mtumishi, Jukwaa la Kompyuta na Lugha ya Kazi Katika Ofisi za Mkoa wa Katavi

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya mtumishi katika kuchagua jukwaa la kompyuta pale ambapo mwajiri amekwisha kusanifisha vyombo vya kazi. Mfano unaotumika ni wa ofisi za umma mkoani Katavi, hususan Mpanda mjini. Hoja kuu ni kwamba usanifishaji hauondoi uchaguzi bali unauhamisha: unautoa katika mashine na kuupeleka katika lugha, katika simu ya mtumishi mwenyewe na katika namna anavyomweleza mwananchi kinachotokea kwenye skrini. Kwa kutumia dhana za isimujamii kuhusu usanifishaji wa lugha, makala inaonyesha kwa nini kiolesura cha Kiswahili, ingawa kimepatikana tangu mwaka 2004, hakijawa chaguo la kawaida la watumishi, na ni nani anayelipa gharama ya hali hiyo.

1.0 Utangulizi

Katika mashirika makubwa ya nchi zenye viwanda vingi umekuwepo kwa muda mrefu mjadala kuhusu nani anayestahili kuchagua kompyuta ya kazi: mwajiri au mfanyakazi. Upande mmoja husema kwamba mashine za aina moja hupunguza gharama za matengenezo na mafunzo na kurahisisha ulinzi wa taarifa. Upande wa pili husema kwamba mfanyakazi ndiye aijuaye kazi yake, na kumlazimisha atumie chombo asichokipenda ni kumpunguzia ufanisi.

Mtu akiutazama mjadala huo akiwa Mpanda, anaweza kudhani kwamba hauhusu watu wa huku. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, una halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Katika ofisi za halmashauri hizo, kama zilivyo ofisi nyingine za umma nchini, kompyuta huja kwa utaratibu wa ununuzi wa umma, na mifumo ya kazi huamuliwa na mamlaka za juu. Mhasibu wa Inyonga haulizwi kama anapenda Windows, Linux au Macintosh. Anakabidhiwa mashine, anapewa jina la kuingilia na nywila, na kazi inaanza.

Hata hivyo, kuishia hapo ni kuona nusu tu ya jambo. Anayeichunguza kazi ya kila siku ya ofisi ataona kwamba mtumishi huyo huyo anachagua mara nyingi kwa siku: atume waraka kwa barua pepe ya ofisi au kwa WhatsApp, aiache skrini katika Kiingereza au aigeuze iwe Kiswahili, amwambie mwananchi kwamba kiambatisho kimekosekana au amwambie tu kwamba mfumo umekataa. Chaguzi hizi hazimo katika waraka wowote wa ununuzi, lakini ndizo zinazoamua kama huduma inamfikia mwananchi au haimfikii. Kwa sehemu kubwa ni chaguzi za lugha, na kwa sababu hiyo ni halali mwanaisimu aziseme.

2.0 Mkabala

Kwa “jukwaa la kompyuta” tunakusudia jumla ya vitu vitatu: mashine yenyewe pamoja na mfumo endeshi wake, programu na mifumo ya kazi inayotumika juu yake, na kiolesura, yaani sura ambayo kwayo mtumiaji huamuru na kujibiwa. Vitabu vya kompyuta aghalabu huishia katika vitu viwili vya mwanzo. Sisi tunakiingiza cha tatu kwa sababu ndicho kinachoonekana na kusomwa na mtumiaji.

Einar Haugen, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1966, alieleza usanifishaji wa lugha kwa hatua nne: uteuzi wa lahaja itakayokuwa msingi, uwekaji wa kanuni zake, upanuzi wa matumizi yake, na kukubaliwa kwake na jamii. Msomaji wa jarida hili anaifahamu vyema historia yetu wenyewe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, iliweka kanuni za tahajia na kuidhinisha vitabu. Shule, magazeti na serikali vilipanua matumizi. Hatua ya nne haikuwa ya kuamriwa. Washairi wa Mombasa waliendelea kutunga kwa Kimvita, na hakuna aliyewazuia, kwa kuwa ukubalifu haupatikani kwa amri.

Hatua hizo zinafaa pia kueleza usanifishaji wa kompyuta maofisini. Mwajiri anaweza kuteua mfumo, kuuwekea miongozo na kuueneza katika idara zote. Hayo yote yamo mikononi mwake. Kukubali kumo mikononi mwa mtumishi, na mtumishi anaweza kukataa bila ya kutamka neno, kwa kufanya kazi yake mahali pengine.

Dhana ya pili ni ile ya daiglosia iliyoelezwa na Charles Ferguson mwaka 1959, yaani hali ya jamii kuwa na mitindo miwili ya lugha moja iliyogawana kazi, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Tutaona kwamba majukwaa ya kompyuta nayo yamegawana kazi kwa namna hiyo hiyo.

3.0 Usuli: kutoka uchache hadi usanifu

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumizi yake yalileta matatizo makubwa ya kihasibu, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalilegezwa polepole katika miaka iliyofuata, na katika miaka ya 1990 kompyuta zilianza kuonekana kwa wingi zaidi maofisini. Nyingi ziliingia kwa njia ya miradi ya wafadhili, na mara nyingi kila mradi ulikuja na mashine zake, programu zake na mafunzo yake. Mradi ulipokwisha, programu ilibaki bila ya mtu wa kuitunza.

Usanifishaji ulikuja kama dawa ya hali hiyo. Mwaka 2012 ilianza kazi Wakala ya Serikali Mtandao, na kwa Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 wakala hiyo ikawa Mamlaka yenye uwezo wa kuweka viwango na miongozo kwa taasisi za umma. Mifumo ya pamoja ikaenea: PlanRep ya mipango na bajeti, iliyoanza kutumika kwa njia ya mtandao mwaka 2017, FFARS ya hesabu za vituo vya afya na shule, MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliochukua nafasi ya Epicor, NeST ya ununuzi wa umma, iliyoanza mwaka 2023, TAUSI ya mapato ya halmashauri, na PEPMIS ya kupima utendaji wa mtumishi, iliyochukua nafasi ya OPRAS.

Faida za hatua hiyo ni dhahiri. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Kama kila moja ingetunza hesabu kwa programu iipendayo, Serikali isingeweza kujumlisha matumizi ya dawa ya Mpimbwe na ya Muheza bila ya kuajiri watu wa kunakili upya tarakimu zote. Makala hii, kwa hiyo, haipingi usanifishaji. Inauliza nini kinabaki kwa mtumishi baada ya usanifishaji kufanyika.

4.0 Ngazi tatu za uchaguzi

4.1 Mashine na mfumo endeshi

Katika ngazi hii uhuru wa mtumishi ni mdogo, na sababu si amri peke yake. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa na ilipata umeme kutoka kwa mashine za dizeli. Mahali ambapo umeme hukatika, kompyuta ya mapajani yenye betri ni bora kuliko ile ya mezani, hata kama ya mezani ina nguvu zaidi. Mahali ambapo duka la vipuri ni moja au mawili, mashine bora ni ile ambayo fundi wa mtaani anaijua. Windows inatumika kwa wingi kwa sababu jirani anaitumia, fundi anaijua na shule iliifundisha. Lugha ya mawasiliano mapana hushinda kwa sababu hizo hizo: mtu hujifunza lugha ambayo wengine tayari wanaisema.

Hata hivyo, kuna mabadiliko ambayo hayajatiliwa maanani ipasavyo. Mifumo mingi ya Serikali siku hizi hufunguliwa kwa kivinjari. Maana yake ni kwamba usanifu umepanda ngazi: uliokuwa katika mashine sasa umo katika mtandao, na chini yake mfumo endeshi wowote wenye kivinjari cha kisasa unaweza, kwa kanuni, kufanya kazi. Jambo hili lina uzito wa fedha. Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo la 11. Halmashauri yenye bajeti finyu itajikuta ikichagua baina ya kununua mashine mpya, kuendelea na mashine zisizolindwa, au kuweka mfumo endeshi huria kama Linux katika mashine zilizopo. Uchaguzi uliodhaniwa kuwa umekwisha kufungwa umefunguka tena.

4.2 Mifumo ya kazi

Katika ngazi ya pili uchaguzi haupo, na kwa kweli haustahili kuwepo. Malipo ya umma hufanywa katika MUSE au hayafanywi. Jambo la kuangalia hapa ni majina. Baadhi ya mifumo imepewa majina ya Kiswahili au vifupisho vya maneno ya Kiswahili, kama vile TAUSI na MUSE; mingine ina vifupisho vya Kiingereza. Wasemaji hawajali tofauti hiyo. Majina yote huyatamka kwa silabi za Kiswahili na kuyaingiza katika ngeli: “PlanRep imefungwa”, “tumeiweka kwenye MUSE”. Chombo hakikuchaguliwa na mtumishi, lakini sarufi ya kukizungumzia ni yake.

4.3 Kiolesura, simu na maneno

Ngazi ya tatu ndiyo pana. Hapa mtumishi huchagua lugha ya skrini, njia ya mawasiliano na maneno ya kuelezea kazi. Sehemu zinazofuata zinaichambua.

5.0 Kiswahili kilichopo na kisichochaguliwa

Kiswahili hakikuchelewa sana kuingia katika kompyuta. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa msaada wa Sweden, ulitoa mwishoni mwa mwaka 2004 programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice. Mwaka huo huo Microsoft ilitangaza mpango wa kuziweka Windows na Office katika Kiswahili, na Kiswahili kiliendelea kupatikana katika matoleo ya baadaye ya Windows. Simu za Android na WhatsApp pia zinaweza kutumiwa kwa Kiswahili. Aidha, lugha yetu ina bahati ambayo Kiamhari hakina: inaandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na alama za ziada, na hata ng’ huhitaji ritifaa tu. Kibodi ya kawaida inatosha.

Kwa nini basi skrini za ofisi zimebaki katika Kiingereza, hata katika mkoa ambao Kiswahili ndicho kiungo cha wote? Katavi ni mkoa wa Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, wa Wasukuma na Wafipa waliohamia, na wa maelfu ya raia wapya wenye asili ya Burundi katika makazi ya Katumba na Mishamo. Ofisini, watu hawa hawana lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili. Tunaona sababu nne.

Kwanza, mtumiaji mzoefu haisomi skrini, anaikumbuka. Amri ya kuhifadhi iko pale, ya kuchapa iko hapa. Kwake yeye maneno ya Kiingereza yamekuwa alama tu, kama alama za barabarani. Kuyageuza kuwa Kiswahili ni kumlazimisha asome kwa mara ya kwanza kitu ambacho amekifanya kwa miaka kumi bila kusoma. Kwa hiyo anayelalamika kwamba “Kiswahili cha kompyuta ni kigumu” mara nyingi hasemi juu ya Kiswahili. Analalamikia kupotezewa kumbukumbu.

Pili, msaada huombwa kwa jirani. Mtumishi akikwama humwita mwenzake wa meza ya pili. Kama skrini yake peke yake ndiyo ya Kiswahili, mwenzake hataweza kumsaidia. Mtu mmoja hawezi kubadili lugha ya skrini kwa faida yake. Faida hupatikana pale ofisi nzima inapobadili. Hii ndiyo kasoro ya kuuita uchaguzi wa kiolesura kuwa ni “hiari ya mtumiaji”.

Tatu, istilahi zilishindana. Kwa mashine yenyewe tu tumekuwa na kompyuta, ngamizi na tarakilishi. Kwa kifaa cha kuelekezea kuna kipanya na puku. Kwa neno la kuingilia kuna nywila, nenosiri na neno la siri. Ushindani wa istilahi si aibu, na wakati mwingine hutajirisha lugha; lakini mtumiaji anayekutana na istilahi moja katika simu, nyingine katika kompyuta na ya tatu katika mafunzo hukimbilia neno la Kiingereza, ambalo halibadiliki popote.

Nne, tafsiri haikufika mwisho. Amri za juu zilikuwa za Kiswahili, lakini maelezo ya msaada na ujumbe wa makosa mara nyingi vilibaki katika Kiingereza. Mtumiaji aliongozwa kwa Kiswahili palipokuwa rahisi na kuachwa peke yake palipokuwa pagumu.

Kuna jambo la tano, ambalo si sababu ya uchaguzi bali ni matokeo ya muundo wa lugha yetu. Mtumishi anayeandika barua kwa Kiswahili katika programu iliyotegwa kwa Kiingereza huona mstari mwekundu chini ya karibu kila neno. Dawa ya kuingiza orodha ya maneno ya Kiswahili haitoshi, kwa sababu Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Neno hatukuwaandikia lina kikanushi ha-, nafsi tu-, kiambishi cha wakati -ku-, yambwa -wa-, mzizi -andik-, kauli ya kutendea -i- na irabu ishilizi -a. Kwa kubadilisha viambishi hivyo tu mzizi mmoja hutoa mamia ya maumbo. Kisahihishi cha tahajia kinachofaa ni kile kinachojua kanuni za mofolojia, na hiyo ni kazi ya wanaisimu pamoja na wanakompyuta. Hadi hapo mtumishi ataendelea kuona lugha yake ikipigiwa mstari kana kwamba ni kosa.

Wakati huo huo wasemaji hawakukaa kimya. Wamejenga msamiati wa kazi kutoka kwa vitenzi vya mkopo: sevu, printi, skani, atachi. Wengi huutazama kama uchafuzi wa lugha. Lakini tukiangalia mofolojia tunaona utaratibu kamili: niprintie, imeskaniwa, hawajaatachi. Vitenzi hivi vimehifadhi irabu zake za mwisho na kupokea viambishi kama vilivyofanya fikiri, jibu na samehe, ambavyo navyo vilikuwa wageni kutoka Kiarabu. Kwa maneno mengine, watumishi wamekwisha kuchagua kiolesura cha Kiswahili, isipokuwa kimo vinywani mwao na si katika skrini.

6.0 “Mfumo umekataa”

Gharama ya skrini kuwa katika lugha moja na maelezo katika nyingine inaonekana vizuri katika sentensi mashuhuri ya ofisi zetu: “Mfumo umekataa.” Kisarufi, sentensi hii haina dosari. Kiswahili huvipa vitu kitenzi kataa: mlango umekataa kufunguka, gari limekataa kuwaka. Lakini kuna tofauti. Anayeambiwa kwamba mlango umekataa anauona mlango. Anaweza kuusukuma mwenyewe. Anayeambiwa kwamba mfumo umekataa haoni kitu, kwa sababu skrini imemgeuzia kisogo.

Tuchukue mfano wa mwananchi aliyesafiri kutoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi Mpanda mjini kushughulikia jambo lake. Nyuma ya maneno hayo mawili panaweza kuwa na mambo manne tofauti: kiambatisho kimekosekana, mtumishi aliyeketi hapo hana mamlaka ya kuidhinisha, mawasiliano ya mtandao yamekatika, au muda wa kuingiza taarifa umefungwa. Kila moja lina dawa yake. Katika la kwanza mwananchi alete karatasi. Katika la pili aonane na mkuu wa idara. Katika la tatu asubiri. Katika la nne aandike maombi. Akiambiwa tu kwamba mfumo umekataa, hana la kufanya ila kurudi Karema na kuja tena siku nyingine.

Zaidi ya hayo, sentensi hii inamwondoa mtenda. Zamani ilisemwa “bwana fulani amekataa”, na mwananchi alijua amkatie rufaa nani. Mfumo haukatiwi rufaa. Si haki, hata hivyo, kumlaumu mtumishi kwa haraka. Mara nyingi naye amepewa ujumbe wa Kiingereza cha kifundi ambacho hakikumfafanulia lolote, na hawezi kufafanua kwa Kiswahili jambo ambalo yeye mwenyewe hakufafanuliwa kwa lugha yoyote. Usanifu ulioishia katika mashine bila ya kugusa lugha umewaacha wote wawili gizani, kila mmoja upande wake wa meza.

7.0 Daiglosia ya majukwaa

Uchaguzi mwingine uliobaki ni wa simu. Katika ofisi nyingi za nchi yetu kazi rasmi huingizwa katika mfumo, lakini maelekezo, vikumbusho, picha za nyaraka na maswali hupita katika makundi ya WhatsApp, kwa simu ambazo watumishi wamezinunua na kuzijaza vifurushi kwa fedha zao. Hii ni daiglosia kamili. Jukwaa la juu ni mfumo: lina Kiingereza, nywila na kumbukumbu. Jukwaa la chini ni simu: lina Kiswahili, haraka na utani. La juu hupewa heshima. La chini hufanya kazi.

Watumishi wamelichagua jukwaa la chini kwa sababu za msingi. Linavumilia mtandao dhaifu, halihitaji meza, na wanaliandikia kwa lugha yao. Hapa ndipo panapoonekana hatua ya nne ya Haugen: mfumo rasmi umeteuliwa, umewekewa kanuni na kuenezwa, lakini sehemu ya kazi imekwenda mahali ambapo watu wamepakubali.

Hatari yake si ndogo. Taarifa ya mgonjwa iliyopigwa picha na kutumwa katika kundi la watu 80 haiwezi kurudishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde, na uhodari wa kazi haumwondolei mtumishi wajibu huo. Vilevile, uamuzi unaofikiwa ndani ya kundi la simu hauingii katika jalada. Mtumishi akihamishwa kutoka Usevya kwenda Nsimbo, kumbukumbu ya ofisi inahama naye mfukoni.

8.0 Mafunzo kutoka kwingineko

Mifano miwili ya nje inasaidia kupima uzito wa hoja hizi. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamishia kompyuta zake katika Linux. Kufikia mwaka 2013 karibu mashine 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza la mji lilipiga kura kurudi Windows. Malalamiko ya watumiaji yalitajwa miongoni mwa sababu, ingawa watetezi wa mradi walisema tatizo lilikuwa la uongozi na siasa. Vyovyote iwavyo, jukwaa lililosimama kiufundi lilianguka kwa kukosa ukubalifu.

Kwa upande mwingine, kampuni ya IBM, iliyouza kompyuta yake binafsi ya kwanza mwaka 1981, iliwaruhusu wafanyakazi wake mwaka 2015 wachague Mac. Mwaka 2016 ilieleza kwamba kila Mac iliiokolea kampuni kati ya dola 273 na 543 katika muda wa miaka minne, kwa sababu, pamoja na mambo mengine, watumiaji wake waliomba msaada mara chache zaidi. Tarakimu hizo ni za kampuni yenyewe na za mazingira yake. Hazihamishiki moja kwa moja hadi Mpanda, ambako bei ya mashine na upatikanaji wa fundi ni tofauti kabisa. Linalohamishika ni wazo kwamba hiari ya mtumiaji inaweza kuwa akiba, na si anasa tu.

Kwa Katavi hiari hiyo haiwezi kuwa ya mashine. Inaweza kuwa ya lugha, ambayo ni rahisi kuliko mashine.

9.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza mambo manne. Kwanza, tafsiri ya mifumo ya umma ianze na ujumbe wa makosa, si na vichwa vya habari. Vichwa mtumiaji amekwisha kuvikariri. Makosa ndiyo yanayomkwamisha yeye na mwananchi. Kila ujumbe useme mambo mawili: nini kimetokea na nini kifanyike.

Pili, lugha ya skrini isiachwe kuwa hiari ya mtu mmoja mmoja. Ofisi au idara nzima igeuze pamoja na kufunzwa pamoja, ili jirani abaki kuwa msaada.

Tatu, BAKITA, vyuo vikuu na Mamlaka ya Serikali Mtandao vikubaliane juu ya orodha moja fupi ya istilahi za mifumo ya umma. Istilahi 200 zinazotumika kwa uthabiti ni bora kuliko 5,000 zilizo kabatini. Katika kuziteua, vitenzi ambavyo watumishi wamekwisha kuvijenga visidharauliwe.

Nne, badala ya kupiga marufuku makundi ya simu, mamlaka ziulize kwa nini yalipendwa, kisha zijenge katika mfumo rasmi njia ya mazungumzo iliyo nyepesi, salama na ya Kiswahili. Marufuku ya mwaka 1974 yalikwisha kutufundisha kwamba tekinolojia inayohitajika haizuiliwi kwa muda mrefu.

10.0 Hitimisho

Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za Serikali, na mwaka huo huo Bunge likaunda BAKITA. Agizo lile lilihusu barua, majalada na mikutano, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vyombo vya kazi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kati ya jalada na mahakama kimezuka chombo cha tatu, yaani skrini, ambacho siku hizi hupitisha mshahara, dawa, leseni na malipo ya umma, na ambacho kwa sehemu kubwa kimebaki nje ya agizo na nje ya rekebisho hilo.

Mjadala wa mtumishi na jukwaa la kompyuta umezoea kuishia katika swali la aina ya mashine. Katika ofisi sanifu swali hilo limekwisha kujibiwa na wengine. Kwa mtumishi wa Katavi, na kwa mwananchi aliyesimama mbele yake akisubiri, lililobaki ni kama yule anayeitumia mashine ataweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini imekataa.